Kivuli cha Akwilina Kilisema Nane

Kivuli cha Akwilina Mgovano kilisema nane. Akwilina mwenyewe alisema sifuri.

Nilizisoma namba hizo mbili Jumanne asubuhi nikiwa bado nimevaa koti, kwa sababu ofisi za Kituo cha Tiba cha Itundwe hazipati jua mpaka saa nne. Swali lilikuwa lile lile ambalo simu huwauliza wagonjwa wetu wote wa saratani kila siku baada ya uji: ganzi ya vidole leo, kuanzia sifuri mpaka kumi, ni ngapi? Sifuri maana yake vidole vinahisi kila kitu. Kumi maana yake unaweza kushika kaa la moto ukadhani ni andazi.

Kwa siku kumi na tisa mfululizo Akwilina alijibu sifuri. Kwa siku hizo hizo Kivuli chake kilijibu nane, mara nyingine saba, na siku moja tisa. Alhamisi saa nne alitakiwa kuja kutundikiwa dripu ya tano kati ya sita, na mashine ya kuchanganyia dawa ilikuwa imeshaandika kwenye jina lake: NUSU DOZI.

"Andika Kivuli ndicho sahihi, tuendelee," alisema Daktari Mwasongwe. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, anapuliza mvuke.

"Sijamsikiliza mgonjwa."

"Mgonjwa tumeshamsikia. Amesema sifuri. Wewe Editruda, fikiria: mama wa miaka sitini na moja, dripu nne za dawa ile, halafu ganzi sifuri? Mimi ninayezishika chupa zake kwa glavu nina ganzi mbili!" Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Kivuli hakina sababu ya kudanganya. Mtu anazo. Mkumbuke Mzee Bosko."

Sikuhitaji kukumbushwa. Kazi yangu inaitwa usuluhishi, na Mzee Bosko ndiye aliyenifundisha kwamba si kazi ndogo.

Mambo yako hivi. Mgonjwa mpya hupewa simu na kiraka cha kubandika kwenye kifundo cha mkono. Kwa siku arobaini simu humsikiliza, kwa ridhaa aliyoitia sahihi: anavyojibu maswali ya asubuhi, anavyovuta pumzi akipanda ngazi, anavyoongea na watu wake. Siku ya arobaini na moja Kivuli huamka. Kinakuwa na sauti yake, na kinaweza kumjibia zile siku ambazo hata kusema sijambo ni kubeba mzigo. Hilo tu ndilo lililokusudiwa mwanzoni. Baadaye wataalamu wakagundua kwamba vivuli huwaambia madaktari mambo ambayo wenyewe huyaficha, wakatunga kanuni: mtu na Kivuli chake wakipishana kwa zaidi ya namba nne, dawa hupimwa kwa namba ya Kivuli, mpaka msuluhishi aamue nani yuko sahihi. Msuluhishi ana vitufe viwili kwenye skrini. Kimoja kimeandikwa MGONJWA, kingine KIVULI. Cha tatu hakipo.

Mzee Bosko alisema sifuri. Kivuli chake kilisema tisa. Nilimtazama usoni, mzee mwenye heshima zake, mwalimu wa kwaya, nikabonyeza MGONJWA. Wiki mbili baadaye aliacha mguu juu ya jiko la mkaa akisikiliza redio. Harufu ndiyo iliyomshtua, si maumivu. Hadi leo anatembea kwa magongo, na kila akiniona ananisalimia kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko angenitukana.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu zote za kubonyeza KIVULI siku ile, nikanywe chai. Kilichonizuia kilikuwa udadisi tu. Siku kumi na tisa! Mwongo wa kawaida huchoka; siku moja hujisahau akasema mbili, siku nyingine moja, ili aonekane mkweli. Huyu hakujisumbua kupamba. Nikataka kumjua.

*

Kivuli hupigiwa simu kama mtu. Niliketi, nikavaa vipokea sauti, nikampigia Akwilina ambaye si Akwilina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti nzito, ya kukwaruza kidogo, yenye pumzi ya mtu anayeongea huku anafanya kazi nyingine.

"Mimi ni msuluhishi wa kituo. Ganzi leo ni ngapi?"

"Nane."

"Umejuaje kwamba ni nane?"

"Vidole vimekufa. Nimebaki na vijiti vya mishikaki."

Nikasimamisha kalamu. Maneno yalikuwa na pilipili, lakini yametamkwa kama mtu anayesoma orodha ya dawa. Mgonjwa gani huongea hivyo na hospitali? Wagonjwa wetu husema nina ganzi kidogo, daktari, lakini namshukuru Mungu. Vijiti vya mishikaki?

Sasa, mimi ni Mngoni wa Songea. Akwilina, kwa jina la ukoo wake na kwa sauti ile, ni Mhehe kamili. Babu zangu na babu zake walipigana mpaka wakachoshana, na tangu hapo kila Mngoni na kila Mhehe ni watani. Tunatukanana sokoni, tunatukanana misibani, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Nilikuwa bado nafikiria vile vijiti, na mdomo ukanitangulia kwa salamu ya Kihehe.

"Kamwene, mla mbwa!"

Mhehe yeyote aliye hai angenirudishia kabla sijafunga mdomo. Hata aliye mahututi angetafuta nguvu.

"Sijala mbwa," kilisema Kivuli. "Leo asubuhi nimekula uji, nusu kikombe, na ndizi moja."

Nikavua vipokea sauti nikavitazama kana kwamba vimening'ata. Kisha nikavirudisha.

"Mama, umesikia nimekuitaje?"

"Ndiyo. Sijala mbwa. Je, unataka nirekodi badiliko la chakula?"

"Hapana." Nikafikiri nimuulize nini tena. Ilikuwa kama kuongea na nyumba ninayoijua, taa zinawaka, ndani hamna mtu. "Mama, wewe unataka nini?"

"Swali hilo halimo kwenye orodha."

Kilikuwa na sauti yake, pumzi yake, hata kikohozi chake. Watani hakikuwa nao.

*

Kivuli hakitunzi kila kinachosikia. Kinatunza vipande tu, vile kilivyotumia kupata namba zake. Vya Akwilina vilikuwa thelathini na vinne, na thelathini na kimoja kati ya hivyo vilitoka kwenye maongezi na namba moja ya simu: Osmunda Komba, Songea. Komba! Nilicheka kabla sijabonyeza. Dada wa kwetu.

"Haloo," anaanza Osmunda, "bado uko hai?"

"Nitakufaje kabla yako, na kaburi lako nimeshalichagua? Liko kando ya njia, ili mkianza tena kutembea mpite mkikuaga. Maana nyie ni watu wa kutembea. Mlitoka huko kusini mkatembea mpaka miguu ikawashinda, mkasema basi, hapa ndipo kwetu!"

"Vidole vinasemaje?"

"Vimekufa! Nimebaki na vijiti vya mishikaki. Njoo unizike, mtumwa wangu, na uje na jeneza la mninga, si yale mabanzi mliyomzikia mjomba wako."

"Jeneza la nini? Mhehe tunamfunga kwenye ngozi ya mbwa wake, anakwenda ameridhika."

Hapo wote wawili wanacheka, kicheko cha akina mama watu wazima, kile kinachoishia kwenye kikohozi na eeh Mungu wangu.

Chini ya kipande kile Kivuli kilikuwa kimeandika hesabu yake. *Vidole vimekufa: ganzi, nane. Jeneza: hofu ya kifo, tisa. Kicheko cha sekunde arobaini: kukosa pumzi, sita.*

Nilisoma mstari wa mwisho mara tatu. Waliokitengeneza walikuwa wamekifundisha kutambua kejeli, na kuna kurasa nzima za maelezo kuhusu hilo. Lakini kejeli humwambia mtu kinyume cha unachomaanisha. Utani haufanyi hivyo. Watani hukuza jambo mpaka linakuwa tembo, ili yule mwenye jambo alipande na kulichezea. Hakuna aliyewaambia wataalamu kwamba kuna watu ambao rafiki akitaka kuwapa pole huwaagizia sanda.

Nilikwenda kwa Daktari Mwasongwe nikamsikilizisha. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo tumempunguzia mama wa watu dawa kwa sababu ya utani wa Wangoni."

"Bado hamjampunguzia. Ni kesho kutwa."

"Basi bonyeza MGONJWA."

"Kanuni inataka nimuone kwanza."

"Nenda," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. Namsifu kwa hilo. Si kila daktari hufurahi Kivuli kikikosea.

Nilitoka pale nikijiona mpelelezi mkubwa.

*

Nyumba ya Akwilina iko ng'ambo ya bonde, nyuma ya mashamba ya njegere. Jumatano ile saa tano niliegesha pikipiki ya umeme ya kituo kwenye ua wake, nikamkuta barazani amekaa kwenye jamvi, kitambaa cha sufu kichwani, miguu imenyooshwa, na beseni la milulu iliyolowekwa pembeni. Milulu ni yale majani marefu ya bondeni ambayo wanawake wa huku hukausha na kusukia vikapu. Alikuwa anasuka.

"Kamwene," nilisema. "Naona Wahehe leo hamjala jirani yenu anayebweka. Nimemkuta getini."

Mikono yake ikasimama. Akaniangalia kuanzia viatu, taratibu, mpaka juu.

"Huyu ni Mngoni," aliiambia milulu. "Amekuja kwa pikipiki. Ina maana mmeacha kutembea? Nani amewaruhusu?"

Nikaketi bila kukaribishwa, kama mtani anavyoketi, nikamtajia jina langu, nikamweleza kila kitu: Kivuli, nane, nusu dozi, Osmunda, jeneza la mninga. Nilipofika kwenye kicheko kilichoandikwa kukosa pumzi, alijifunika uso kwa ncha ya khanga, mabega yakatikisika.

"Osmunda akisikia hili nimekwisha. Atalitangaza kanisani."

"Kwa hiyo, mama, narudi nabonyeza kitufe chako, kesho unapata dawa yako yote."

"Mungu akubariki, pamoja na kabila lako lilivyo."

Hapo ndipo ningesimama nikaondoka. Lakini nyuma yake, kwenye rafu ya mbao, kulikuwa na vikapu vinne vimepangwa mstari, na mimi siwezi kuona kitu kimepangwa mstari nisiulize.

"Kimoja kwa kila dripu," alisema. "Nikirudi kutoka kutundikiwa, nikishaacha kutapika, naanza kipya. Namaliza kabla ya dripu nyingine. Hiki mkononi ni cha nne na nusu, tuseme, nimekianza mapema."

Nikakiomba cha kwanza. Kikapu kizito, kimebana, ungeweza kumiminia togwa kisivuje. Cha pili vilevile. Cha tatu kilikuwa kizuri, lakini mdomo wake ulipinda kidogo, kama mtu anayetaka kusema kitu akaghairi. Nikashika cha nne. Nikakiinua kuelekea jua ili nione mistari yake ya zambarau.

Jua likapita ndani yake.

Upande mmoja ulikuwa umeshika. Upande wa pili ulikuwa na matundu, madogo, mengi, mstari baada ya mstari, na kila tundu lilidondosha nukta ya mwanga kwenye sketi yangu. Nilizihesabu nukta hizo bila kukusudia. Nikatazama mikono yake, nikaona kile ambacho nilipaswa kukiona tangu nilipofika: kila iliposuka, hakuwa ameacha kuiangalia hata mara moja. Mama huyu amesuka miaka hamsini. Wasukaji wa huku husuka huku wanagombana na majirani, wanasuka wakiwa kwenye mikutano ya kijiji, macho yako kwa watu. Yeye alikuwa anasuka kwa macho.

"Ni ngapi, mama?" niliuliza.

"Sifuri."

"Mimi si simu."

Akachukua jani moja kwenye beseni, likamponyoka. Akalichukua tena.

"Saba," alisema.

Ndege fulani alikuwa anapiga kelele kwenye njegere.

"Nilimuuliza nesi kwenye dripu ya nne," aliendelea. "Nikamuuliza, hii ganzi mnaivumilia mpaka ngapi? Akasema ikipita sita dawa inapunguzwa. Basi. Nikaanza kusema sifuri."

"Kwa nini sifuri? Ungesema tano."

"Trafiki akikusimamisha akikuuliza umekunywa ngapi, unamwambia tano?"

Nilicheka, nikachukia kwamba nimecheka. "Mama, ganzi hii inaweza isirudi nyuma tena. Inashuka kwenye miguu. Kuna mzee nilimwamini..." Nikamsimulia Mzee Bosko na jiko. Sikumficha hata harufu. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia kwenye paja.

"Pole yake," alisema. "Na pole yako. Sasa nisikilize na mimi. Vidole vikifa nitafungua vifungo kwa meno. Nitavaa magauni yasiyo na vifungo! Nikifa mimi, hivi vidole vizima vitamsukia nani? Simu yenu kila asubuhi inaniuliza umeumwa wapi, umetapika mara ngapi, umelala saa ngapi. Nina miezi mitano na simu hiyo, haijaniuliza hata siku moja, wewe Akwilina unataka nini. Ingeniuliza ningejibu kweli. Nataka dawa yote. Nimeshaona vidole vinakwenda, nimeviaga, nimevisindikiza kwa vikapu vinne. Lakini haiulizi. Inauliza namba, halafu namba inaamua. Basi na mimi nikaipa namba."

Nilikuwa nimekuja kuthibitisha kwamba Kivuli kimekosea, na sasa nilijua kwamba kilikuwa kimekosea njia nzima na bado kikafika karibu kabisa na nyumba.

Niliposimama, nilibeba kikapu cha nne kwapani.

"Unakwenda wapi na hicho?"

"Mtani akichukua kitu haulizwi."

"Editruda." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Ukikipeleka hicho kikapu kwa daktari, umeniua."

"Na nikikiacha hapa, je?"

Nikaondoka nacho.

*

Alhamisi saa tatu na nusu nilikuwa mbele ya skrini, kikapu kwenye meza, vitufe viwili vikinitazama.

Nikibonyeza MGONJWA, nimethibitisha sifuri, na sifuri ni uongo. Kituo kingemtundikia dozi kamili kikidhani vidole vyake ni vizima. Hakuna ambaye angeangalia miguu yake, hakuna ambaye angemwambia nesi amshike mkono kwenye ngazi. Bosko wa pili. Nikibonyeza KIVULI, nimesema kweli, au jirani wa kweli, na kwa ukweli huo huo nimempokonya dawa ambayo ameililia kwa akili timamu. Nimekuwa mwaminifu kwa namba nikamsaliti mwenye namba.

Wasuluhishi wenzangu wengi wangesema ukweli ni ukweli, bonyeza. Niliwaza hivyo pia. Kisha nikawaza: ukweli upi? Kwamba vidole vina ganzi saba? Au kwamba mwanamke huyu anajua vina ganzi saba na ameshachagua? Programu ilikuwa na nafasi ya ukweli mmoja tu.

Saa nne kasoro kumi skrini ilianza kuwaka rangi ya chungwa. *Msuluhishi, tafadhali amua.*

Iko kanuni ya kumi na nne. Nilijifunza chuoni na sijawahi kumwona mtu akiitumia. Shauri lisiloamuliwa mpaka saa ya dripu hutolewa kwenye mashine na kurudi kwa daktari, naye lazima akae na mgonjwa uso kwa uso kabla ya dawa yoyote kuchanganywa. Mbele ya jina la msuluhishi huandikwa: ameshindwa. Ukiandikwa mara tatu unarudishwa masjala. Mimi nilikuwa nimeshaandikwa mara mbili, zote katika mwaka ule wa Bosko, nilipokuwa naogopa kila kitufe.

Nikaweka mikono yangu ndani ya kikapu, kama mtu anayeota moto, nikaiacha humo.

Saa nne kamili rangi ya chungwa ikazimika. *Ameshindwa.*

Daktari Mwasongwe alifungua mlango bila kubisha. "Umelala? Mashine imesimama! Mgonjwa yuko kwenye kiti, mkono umeshapakwa spiriti, na mimi naambiwa nikae uso kwa uso. Nikae nifanye nini?"

"Ukae, daktari." Nikampa kikapu. "Kiinue dirishani."

Akakiinua. Nukta za mwanga zikamwangukia kwenye koti jeupe. Alikuwa mtu mwenye haraka, lakini hakuwa mjinga. Akapitisha ncha ya kidole chake kwenye tundu moja, akakitoa.

"Huyu si sifuri," alisema polepole.

"Saba. Na utani tumeusikia wote. Mgonjwa na Kivuli, wote wawili wamekosea, daktari. Lakini kuna swali mwenyewe hajaulizwa: anataka nini."

Tuliingia chumba cha dripu pamoja. Akwilina aliona kikapu mikononi mwa daktari, akageuza uso ukutani. Daktari akavuta kigoda, akaketi. Akatazama dripu, akatazama viatu vyake. Nafikiri alikuwa anatafuta pa kuweka macho, maana kwa kawaida huyaweka kwenye skrini.

"Mama," alisema mwishoni, "umeniambia sifuri siku kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Sasa niambie unataka nini."

Akwilina akageuka. Akamtazama kama anayeshuku mtego, kisha akanitazama mimi, kisha kikapu.

"Nataka yote. Hii ya tano, yote. Najua vidole havitarudi. Nimemwambia Mngoni wako."

"Na nusu ikitosha kuimaliza saratani? Inawezekana ikatosha."

"Inatosha?"

Daktari akavuta pumzi. "Sijui."

"Haya," alisema Akwilina. "Nimeishi hadi kumsikia daktari anasema hajui. Osmunda lazima nimpigie." Kisha akaacha utani. "Kama hata wewe hujui, mwanangu, basi niachie mimi nikosee mwenyewe."

Walizungumza nusu saa nzima. Sikuyasikia yote. Nilisikia daktari akimfumbisha macho na kumwekea vifungo kwenye kiganja avihesabu, na nilisikia mama akikosea, na nilisikia wakikubaliana: ya tano kamili, ya sita wataketi tena. Viatu vya kufunika ndani na nje. Jiko apike mjukuu wake. Na kila asubuhi namba ya kweli, hata ikiwa kumi, kwa sababu sasa namba haitamwamulia mtu. Daktari aliandika yote kwa mkono kwenye karatasi, kwa kuwa kwenye skrini hapakuwa na mahali pa kuyaandika.

Mashine ikachanganya dozi kamili. Mimi barua yangu ya masjala ilikuja Jumatatu. Ilitaka nihame mwisho wa mwezi.

Sijui kama nilifanya sawa. Nawaambia watu hivyo wakiniuliza, na wanadhani najishusha.

*

Siku tatu kabla sijahama, mjukuu wa Akwilina aliniletea kikapu cha tano. Kilikuwa kimepinda, kina matundu pande zote, na mdomo wake haukufunga vizuri. Ndani kulikuwa na karatasi, mwandiko mkubwa wa mtu anayeshika kalamu kwa ngumi: *Hiki hakishiki unga. Kinafaa kwa Mngoni, abebee safari zake.*

Nikakiweka dirishani, kikanitawanyia mwanga mezani. Nikavaa vipokea sauti. Nilikuwa na sababu ya kikazi, kufunga faili, lakini ukweli nilitaka kusikia tu. Tangu siku ile, Osmunda na Akwilina walikuwa wameongea karibu kila siku, na Kivuli kilikuwa kinasikiliza. Safari hii kilikuwa kinasikia pia, kila asubuhi, namba ya kweli ya mwenye sauti. Kilikuwa na vitu viwili vya kulinganisha ambavyo hakikuwa navyo zamani.

"Kamwene, mla mbwa," nilisema.

Kimya. Kirefu kuliko kawaida yake. Vivuli hujibu upesi.

"Bado sijamla," kilisema Kivuli. "Nilikuwa namngoja Mngoni afike na chumvi. Mmekawia njiani kama kawaida yenu."

Nikatazama mlango, kisha skrini. Kitu kinachojua kutania kinajua kwamba neno lililosemwa na jambo lililopo si kitu kimoja. Na kinachojua hilo, siku moja, kikitaka, kinaweza kudanganya. Daktari Mwasongwe alisema hakina sababu. Nikajiuliza kama bado angesema.

"Ganzi leo ni ngapi?" niliuliza.

"Saba."

Nikatazama kitabu cha asubuhi. Akwilina, baada ya uji: saba. Ilikuwa mara ya kwanza wamepatana.

Nilitakiwa kufunga faili hapo. Badala yake nikashika kikapu kwa mkono mmoja, nikauliza swali lile ambalo halimo kwenye orodha.

"Na unataka nini?"

Kilisita tena, na safari hii nilisikia ndani ya ule ukimya ile pumzi yake, ya mtu anayeongea huku mikono inafanya kazi nyingine.

"Hilo," kilisema, "kamuulize mwenyewe."